Nusu Kikombe, Theluthi Mbili ya Mtu

Benchi letu lina miguu mitano. Aliyelitengeneza ni Futi, seremala wa jirani, na ukimwuliza mguu wa tano kazi yake nini anakujibu kwamba ndio unaobeba maneno. Limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kushona viatu, linatazamana uso kwa uso na lango la buluu la shule ya msingi ya kimataifa. Kila siku baada ya chakula cha mchana tunakutana walewale: Futi mwenyewe, na tepu yake ya kupimia shingoni; Bi Mkasi, fundi cherehani, ambaye ulimi wake unakata kuliko jina lake; Mwalimu Chaki, mstaafu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne; na Mzee Birika, muuza kahawa, mtu wa maneno machache. Mimi wananiita Gundi, kwa sababu ya kazi yangu, na kwa sababu nikishika neno siliachii. Siku ninayoisimulia, Mwalimu Chaki alikuja kijiweni amevaa koti.

Koti la Mwalimu Chaki si jambo dogo. Hulivaa kwenye harusi na kwenye misiba, na siku hiyo hatukuwa na habari ya harusi yoyote.

Futi: Mwalimu, nani katutoka?

Chaki: Hajafa mtu. Inayokufa ni hesabu, nami naenda kuizuia.

Bi Mkasi: Ala! Tangu lini hesabu ikaumwa?

Chaki: Tangu darasa la nne la shule hii lipate mwalimu asiyetoa majibu. Mtoto akiuliza, mwalimu naye anauliza. Mtoto akikosea, mwalimu anawauliza wenzake, "Ninyi mnaonaje?" Mnaonaje! Hesabu inaonwa? Wanaita udadisi. Wazazi wamechoka. Saa tisa leo wana mkutano, na wameniomba mimi, kama mtu mzima wa kazi hii, nikawaeleze hesabu inafundishwaje.

Alizitoa karatasi mbili mfukoni, zimeandikwa upande mmoja kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima utadhani zinaogopa kiboko.

Bi Mkasi: Na huyo mwalimu wa darasa la nne, ni nani vile?

Alijua. Sote tulijua. Mwalimu huyo ni binti yake Chaki, kitindamimba wake, yule tuliyemwona akikua akibebewa mkoba na baba yake. Nilimkanyaga Bi Mkasi mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Chaki: Ni mwanangu. Ndiyo maana lazima niseme mimi. Akisema mwingine wataita chuki.

Mimi: Na wakimwondoa?

Chaki: Wakimwondoa, atajifunza.

Alisema hivyo akitazama upande. Wiki mbili hizo yeye na binti yake walikuwa hawavuki salamu. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia. Mtu gani anavaa koti ili akamharibie mwanawe kazi?

Chaki: Na wewe Mzee Birika, hata leo? Nijazie kikombe, bwana! Miaka yote hii unanipa robo tatu.

Mzee Birika: Kikijaa kitakuunguza vidole, Mwalimu.

Hilo jibu ndilo alilompa jana, na juzi, na mwaka ule Futi alipolitengeneza benchi.

Futi: Mimi nawaambia siri ya shule ile. Majibu wameyapoteza.

Mimi: Wameyapoteza vipi?

Futi: Kitabu cha hesabu kina majibu mwishoni, si ndiyo? Basi. Shule ilipohamia jengo jipya, kitabu cha majibu kikapotea njiani. Kusema wanaona aibu, ni shule ya kimataifa. Ndiyo wanawaambia watoto, "Tafuteni wenyewe." Watoto wanawatafutia kitabu chao!

Bi Mkasi: We naye! Mimi naona wanafuga mabosi. Umewahi kumwona bosi anayejibu? Bosi anauliza tu. "Hii imekuwaje? Nani kafanya? Kwa nini hivi?" Watoto wale wanazoezwa wakiwa wadogo. Wakimaliza la sita wanapewa meza kubwa na kiti cha kuzunguka.

Futi: Haya, na hili je? Wiki iliyopita walikuja karakana kwangu, watoto kumi na wawili. "Fundi, unajuaje kona ya meza imekaa sawa?" Nikawaonyesha kamba yangu: upande mmoja tatu, mwingine nne, wa kuvukia tano. Wakaandika yote! Sasa nasema hivi: wale ni wapelelezi. Wanakusanya siri za mafundi wote mtaani. Miaka kumi ijayo watafungua kiwanda, na sisi tutakwenda kuomba kazi kwa siri zetu wenyewe.

Bi Mkasi: Kwangu walitaka kujua nusu duara ya kitambaa inatoa sketi ya kiuno gani. Nikawafukuza.

Mimi: Kwa nini?

Bi Mkasi: Kwa sababu sikujua. Nakata tu, inatoka.

Tulicheka mpaka Futi akajishika mbavu. Mwalimu Chaki hakucheka. Alisimama, akakohoa, akatusomea hotuba yake, na lazima niseme kweli ilikuwa hotuba. Ilisema hesabu ni njia iliyokwisha kuchongwa, kazi ya mtoto ni kuipita. Ilisema alifundisha maelfu kwa maneno mawili ya dhahabu, "geuza, zidisha," na hakuna aliyeuliza zaidi, na wote wakafaulu. Alipofika mwisho tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, na makofi yenyewe yakaniuma.

Makofi hayajaisha, lango la buluu likafunguka.

Darasa la nne lilikuwa limetoka mtaani kwa kazi ya siku hiyo, vikundi vikundi na watu wazima wao. Wengine walivuka kwenda kwa fundi baiskeli. Mmoja akaja kwetu: msichana wa miaka tisa hivi, soksi moja juu na moja chini, daftari kifuani. Nyuma yake alikuja mwalimu wake. Na mwalimu huyo ndiye yule binti.

Msichana: Shikamooni.

Sote: Marahaba.

Binti: Shikamoo, baba.

Chaki: Marahaba.

Wakaishia hapo. Binti akasimama kando ya kibanda changu, mikono nyuma, uso mkavu. Aliziona karatasi mkononi mwa baba yake, na akalitambua koti.

Msichana: Tumeambiwa tutafute mahali ambapo watu wanagawa kitu, lakini hawagawi kizima kizima. Mwalimu hajatuambia wapi. Mimi nimechagua hapa.

Bi Mkasi: Kwa nini hapa?

Msichana: Kwa sababu kila siku tukitoka shule yule babu analalamika kwamba kikombe chake hakijajaa.

Futi alipaliwa na kahawa. Mwalimu Chaki akajiweka sawa kwenye benchi, na nikamwona macho yamemng'aa. Mtoto kaja na swali la sehemu, kwake yeye! Alimtupia binti yake jicho, kana kwamba anamwambia, tazama kazi inavyofanywa.

Chaki: Umefika mahali penyewe, mjukuu wangu. Keti. Mzee Birika, kahawa iliyobaki ni vikombe vingapi?

Mzee Birika hasemi asilolijua. Aliifunua sinia yake, akapanga vikombe, akamimina vikajaa pomoni: vitano, na birika likakauka. Kisha akavirudisha vyote kwenye birika bila kumwaga tone. Vikombe vyake vimenyooka, juu na chini sawa, na mkono wake haujawahi kutikisika.

Chaki: Vikombe vitano. Na huyu mzee mbahili humpa kila mtu robo tatu ya kikombe. Swali: kahawa hii inatosha watu wangapi? Andika. Tano, gawanya kwa robo tatu. Robo tatu tunaigeuza: inakuwa nne juu ya tatu. Kisha tunazidisha. Tano mara nne ishirini, juu ya tatu. Ishirini gawa kwa tatu, sita na theluthi mbili. Kwisha! Umeona? Hata kahawa haijapoa.

Alipiga hesabu hiyo nyuma ya hotuba yake, kwa sekunde chache. Futi akapiga mluzi.

Msichana: Watu sita na theluthi mbili ya mtu?

Chaki: Ndiyo.

Msichana: Tunaweza kujaribu?

Chaki: Kujaribu nini? Jibu si hilo hapo?

Msichana alimtazama mwalimu wake. Mwalimu wake akautazama mti wa umeme. Basi Mzee Birika mwenyewe akaanza kumimina, na tukahesabu: Mwalimu Chaki mmoja, Bi Mkasi wa pili, Futi wa tatu, mimi wa nne, Mzee Birika akajimiminia wa tano, na wa sita akampa binti, ambaye alikipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Watu sita. Kilichobaki kwenye birika akakimimina kwenye kikombe cha saba, akakiweka katikati ya benchi.

Msichana aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kikombe.

Msichana: Babu, hii ni nusu.

Chaki: Nusu ya nini?

Msichana: Nusu kikombe. Wewe umesema theluthi mbili.

Futi akaivua tepu shingoni. Kikombe, sentimita sita. Kahawa, sentimita tatu. Akapima tena, akageuza tepu, akapima tena.

Futi: Nusu. Nusu kamili, Mwalimu.

Mwalimu Chaki alichukua karatasi yake. Tano mara nne, ishirini. Ishirini gawa kwa tatu. Akaifanya mara ya pili chini ya ile ya kwanza, mara ya tatu pembeni. Sita na theluthi mbili. Akachungulia kikombeni. Nusu. Jasho likaanza kumtoka chini ya koti.

Sasa hapo kijiwe kikawaka.

Futi: Imekauka! Kahawa ya moto inatoa mvuke. Theluthi mbili ilikuwepo, ikapanda juu, ikabaki nusu.

Bi Mkasi: Kwa dakika mbili? Basi na sisi tungekuwa tumekauka. Ni kikombe hicho, kimefinyangwa vibaya.

Futi: Nimekipima, kimenyooka!

Bi Mkasi: Basi tepu yako ndiyo imerefuka kwa kuning'inia shingoni.

Mimi: Labda mtu kanywa.

Wote wakanitazama mimi. Nikajuta kufungua mdomo.

Futi: Au hesabu za darasani zimetengenezwa kwa ajili ya maji. Kahawa ina hesabu zake. Mnacheka? Maziwa nayo yana zake, ndiyo maana yanaumuka!

Bi Mkasi: Mwalimu Binti, wewe si unajua? Tuambie, mwanangu, kabla huyu hajafika kwenye uji.

Binti: Mnaonaje ninyi?

Benchi zima liliguna. Nilitaka kumrushia kiatu, na si kiatu kidogo. Lakini nikaona kitu ambacho kilinizuia. Binti alikuwa hatucheki. Alikuwa ameshika kile kikombe chake kwa mikono miwili, hajanywa, anamtazama baba yake kwa macho ya mtu anayeomba.

Msichana: Babu, kwani kwa nini uligeuza?

Chaki: Nini?

Msichana: Ile robo tatu. Uliigeuza miguu juu. Kwa nini?

Lilikuwa swali dogo, la maneno mawili matatu. Mwalimu Chaki akafungua mdomo, kwa maana katika miaka thelathini na minne hakuna swali lililowahi kumkuta mdomo wake umefungwa. Hakikutoka kitu. Akaufunga. Akaitazama karatasi, akautazama ukuta wa shule.

Chaki: Kwa sababu... ndivyo inavyofanywa.

Msichana: Ndiyo, lakini kwa nini?

Niliwahi kumwona mzee huyu akizika mke. Sikuwahi kumwona amepotea vile. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akairudisha, na akasema neno ambalo hakuna mtu mtaani petu aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

Chaki: Sijui.

Hakuna aliyecheka. Futi aliinamisha kichwa. Mimi nilijifanya natafuta msumari.

Mzee Birika: Samahani.

Tukageuka. Mzee Birika akikatiza mazungumzo ni jambo la kuandikwa kwenye kalenda.

Mzee Birika: Mimi hesabu sijui, shule sikwenda. Lakini hiyo nusu mnayoigombania, mimi siioni nusu. Mimi naona miinamo miwili.

Msichana: Miinamo?

Mzee Birika: Birika naliinamisha hivi. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, basi, mtu kapata kikombe chake. Nilifundishwa hivyo na mama. Nikiinamisha mara ya nne kikombe kinajaa mpaka mdomoni, kinaunguza vidole. Mtu wangu mmoja ni miinamo mitatu. Hapo katika kikombe cha saba imo miwili. Nikipata mmoja zaidi, nina mtu wa saba.

Msichana alikuwa ameshapiga magoti chini, daftari juu ya benchi. Tulimsikia akinong'ona huku penseli inakimbia.

Msichana: Kikombe kikijaa, miinamo minne. Vikombe vilikuwa vitano. Tano mara nne... ishirini. Ishirini! Babu, na wewe uliandika ishirini! Iko hapa!

Chaki: Iko wapi?

Msichana: Hapa! Tano mara nne. Ulikuwa unahesabu miinamo!

Mwalimu Chaki aliinuka taratibu. Mkono mmoja ameshika karatasi, mwingine amenyoosha kidole.

Chaki: Ngoja. Ngoja kwanza. Nne inakwenda juu kwa sababu kila kikombe kina miinamo minne. Zidisha. Na tatu... tatu inashuka chini kwa sababu kila mtu anachukua mitatu. Gawanya! Ishirini, kila mtu tatu. Watu sita wanamaliza kumi na minane. Inabaki miwili. Miwili kati ya mitatu anayotakiwa kupata mtu... Theluthi mbili! Theluthi mbili ya mtu! Nusu ya kikombe, theluthi mbili ya mtu! Zote mbili ni kweli!

Alipiga ukelele, jamani, mlinzi wa shule akatoka mbio langoni akidhani kuna mwizi. Futi alikuwa amesimama juu ya benchi, mguu wa tano ukalia. Bi Mkasi akapiga vigelegele, na yeye mwenyewe baadaye alikiri hajui vilikuwa vya nini. Mwalimu Chaki alimkumbatia Mzee Birika, birika na vyote, akamwinua kutoka chini.

Chaki: Miaka yote hii! Kila siku unanimiminia jibu kikombeni, nami nakutukana kwamba hujajaza!

Mzee Birika: Hukuuliza, Mwalimu.

Hapo ndipo Chaki alipomgeukia binti yake. Furaha ilikuwa bado usoni, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Chaki: Wewe ulikuwa unajua?

Binti: Nilikuwa najua, baba. Si kwa kahawa, kwa vipande vya karatasi. Lakini nilikuwa najua.

Chaki: Mbona hukuniambia?

Binti: Nilikuwa nasubiri uulize.

Machozi yalimtoka yule mzee bila kujificha. Bi Mkasi naye akaanza, yeye hulia hata akiona kitambaa kimekatwa vibaya. Mimi vumbi liliniingia jichoni, tuliache hapo.

Katikati ya hayo akafika mama mmoja aliyevaa nadhifu, funguo za gari mkononi. Ni mwenyekiti wa wazazi, ndiye aliyemwandikia Chaki barua ya kumwita mkutanoni, na kumbe ndiye mama wa yule msichana.

Mama: Mwalimu mstaafu, tunakungoja. Na wewe, mbona uko chini na sare nyeupe?

Chaki: Nisamehe, mama, swali moja kabla sijaingia. Wewe kazi yako nini?

Mama: Mhandisi wa barabara.

Chaki: Vizuri. Tano ukigawanya kwa robo tatu, unafanyaje?

Mama: Si nageuza, nazidisha?

Chaki: Kwa nini unageuza?

Mama: Kwa sababu... Ndivyo tulivyofundishwa.

Chaki: Na sisi tuliowafundisha ndivyo tulivyofundishwa. Mnajenga barabara zetu na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua.

Msichana: Mama, mimi najua. Niulize.

Yule mama alimtazama mwanawe, magoti yana vumbi, soksi zote mbili sasa ziko chini. Kisha akachuchumaa naye, hapo hapo barabarani, na nguo zake nadhifu, na msichana akamweleza tangu mwinamo wa kwanza. Alipomaliza, mama alikitazama kikombe cha saba.

Mama: Kumbe.

Alisema hilo tu. Wakavuka barabara wote wanne: Mwalimu Chaki mbele, hotuba yake ameikunjua upande wa nyuma, ule wenye miinamo, binti yake ubavuni, mama na mtoto nyuma.

Sisi tulibaki. Saa nzima tulibaki, na sikushona kisigino hata kimoja. Kikombe cha saba kilikuwa pale pale katikati ya benchi. Futi alinyoosha mkono mara moja akidai kahawa inapoa bure, Bi Mkasi akauchapa.

Futi: Wakimwondoa binti wa watu, mimi nang'oa milango yote niliyowatengenezea.

Bi Mkasi: Nami nawafumua sare.

Mimi: Hizo sare umeshona wewe?

Bi Mkasi: Sikushona. Nitafumua hivyo hivyo.

Kisha dirisha la juu likaleta makofi. Yalianza machache, yakajaa, yakakaa muda mrefu. Mzee Birika aliinuka, akaketi, akainuka tena. Lango lilipofunguka Mwalimu Chaki alitoka akiwa ameubeba mkoba wa binti yake begani, kama zamani zile, na koti amelikunja mkononi.

Mimi: Haya, sema!

Chaki: Niliwaambia nilikuja kuwasomea hotuba, lakini nyuma yake kuna hesabu, na ya nyuma ndiyo ya kweli. Niliwaambia nimefundisha miaka thelathini na minne kitu nisichokijua, na mtu aliyenishinda ana miaka tisa. Wakaniuliza, tufanye nini? Nikasema, mwacheni mwanangu afundishe.

Bi Mkasi: Wakasemaje?

Binti: Wakanyoosha mikono. Yote.

Chaki: Mmoja hakunyoosha.

Binti: Alikuwa amelala, baba.

Kelele tulizopiga sizielezi. Futi alicheza na tepu yake. Binti alicheka kwa mara ya kwanza, akampokea baba yake koti ili apate kupumua. Na Jumamosi, alisema, wazazi wenyewe wameomba waje wafundishwe, hesabu zilezile walizofaulu, wakaulize kwa nini. Mwanafunzi wa kwanza kujiandikisha alikuwa babu mmoja mstaafu.

Chaki: Mzee Birika, nipe kahawa. Koo limekauka.

Mzee Birika: Imekwisha, Mwalimu. Kimebaki kile.

Mwalimu Chaki akakichukua kikombe cha saba. Kahawa ilikuwa baridi, na hakulalamika kwamba hakijajaa. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akakirudisha kwenye sinia kwa heshima.

Binti: Mzee, kuna jambo moja limebaki. Jumatatu asubuhi darasa zima linakutaka. Uje na birika.

Mzee Birika: Mimi?

Binti: Wewe.

Mzee Birika ameuza kahawa nje ya lango lile tangu lilipopakwa rangi ya kwanza, na hajawahi kulivuka. Mwalimu Chaki hakusema neno. Alilichukua koti mkononi mwa binti yake, akamvisha. Mikono ilimmeza mpaka kwenye vidole, na Bi Mkasi akawa ameshatia pini zake mdomoni, anaikunja.

Mzee Birika: Jamani, mimi sikusoma. Nikisimama mbele ya watoto wale, nitawaambia nini?

Tukatazamana. Futi akaanza kuikunja tepu yake. Bi Mkasi, pini zilikuwa zimemjaa mdomoni. Mwalimu Chaki alifungua mdomo, tabia ya miaka mingi, kisha akaufunga mwenyewe, akatabasamu.

Chaki: Wewe unaonaje?

Mzee Birika alifikiri kidogo. Kisha akalinyanyua birika lake kwa ule mkono usiotikisika, mkono wa koti ukashuka tena, na akaliinamisha juu ya kikombe, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Halikutoka tone, lakini sote tulihesabu kwa sauti.